Mtembezi Hali Miguu Yake Tu

Wahenga wetu wana methali isemayo kwamba mtembezi hula miguu yake. Maana yake, kama tulivyoelezwa na wazee, ni kwamba azururaye bila ya kazi hapati kitu ila uchovu. Sina nia ya kuwapinga wahenga, kwani hakuna aliyepata kushindana nao akashinda. Lakini leo nawaomba ruhusa niitie methali hiyo kiraka kidogo, kwa sababu nimekaa katika nchi ya watu miaka kadhaa, na nimemwona mtembezi akila mengi mema ghairi ya miguu yake.

Maneno haya nayaelekeza kwanza kwa ndugu zetu walio ughaibuni, kisha kwetu sisi sote tulio nyumbani. Ziko nyumba nyingi za watu wetu huko Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba ambamo maisha yamebaki na njia mbili tu, ya kwenda kazini na ya kurudi. Siku ya mapumziko ni ya kulala, kufua nguo na kuzungumza na jamaa kwenye simu. Mtu hukaa katika mji mmoja miaka kumi, na ukimwuliza mto upitao nyuma ya nyumba yake unaitwaje, hajui. Ukimwuliza wenyeji wa mji huo wanajivunia chakula gani, atakujibu kwa mkato kwamba Wazungu hawana chakula. Naye huyo huyo hulalamika kwamba nchi haijamkubali. Je, yeye amekwisha kuikubali?

Rai yangu ni kwamba nchi ya ugeni haijulikani kwa karatasi za uhamiaji wala kwa mshahara. Nchi hujulikana kwa miguu na kwa ulimi: kwa kuzipita njia zake na kuonja vipochopocho vyake mahali pake na kwa majira yake. Na aliyejifunza hivyo ugenini hurudi kwao na macho mapya, akayaona yale ya kwao yanayotaka kupotea.

Jambo hili si geni kwetu. Sisi tuliosomeshwa chuoni, mbele ya mwalimu mwenye bakora, tulifundishwa mapema kwamba Mwenyezi Mungu amewahimiza waja wake waende katika ardhi, watazame na wazingatie. Na yule msafiri mashuhuri Ibn Battuta, aliyezaliwa Tangier mwaka 1304, alipofika pwani hii yetu mwaka 1331 hakutuachia habari za masultani peke yao. Alieleza wali wa samli aliokirimiwa Mogadishu, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili, na tangawizi na maembe. Alipofika Mombasa akaandika kwamba watu walitembea miguu mitupu, na kwamba milangoni mwa misikiti palikuwa na maji ya kunawia miguu kabla ya kuingia. Leo, miaka takriban mia saba baadaye, tukitaka kujua babu zetu walikula nini na walitembeaje, twamwendea mgeni aliyekuwa na macho na ulimi. Laiti angejifungia chumbani akingoja merikebu ya kurudi kwao, tungejua nini?

MJI WA VISU NA VILIMA

Mji niliokaa mimi ni Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Jina hilo si geni kwa mama zetu, kwani visu vingi vilivyokata nyama na vitunguu katika jiko za Mombasa na Lamu vilikuwa na muhuri wa mji huo. Ni mji wa chuma. Huko ndiko Harry Brearley alikotoa chuma kisichoshika kutu mwaka 1913. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wayemeni wengi walihamia huko, aghalabu kwa kupitia Aden iliyokuwa koloni la Mwingereza, wakafanya kazi mbele ya tanuri ambazo wenyeji walizikimbia. Viwanda vingi vilifungwa katika miaka ya 1970 na 1980, lakini Wayemeni wangalipo na watoto wao na wajukuu wao, na Wasomali nao wako, na mwadhini anasikika ndani ya misikiti yao.

Mtu aonaye jina la mji wa viwanda hudhani ni moshi mtupu. Kumbe theluthi moja ya eneo la mji ule imo ndani ya hifadhi ya taifa iitwayo Peak District, ambayo ilikuwa ya kwanza kutangazwa Uingereza, mwaka 1951. Ukipanda basi katikati ya mji, kabla ya saa moja kwisha umeshuka juu ya uwanda wa milimani ambako hakuna nyumba, kuna upepo na kondoo. Ukipanda gari la moshi, linaingia katika shimo la Totley lenye urefu wa zaidi ya kilomita 5 chini ya kilima, na likitoka upande wa pili umefika bondeni, na vituo vyake ni vijiji: Grindleford, Hathersage, Bamford, Hope, Edale.

Nasema haya kwa sababu wengi hudhani matembezi ya namna hiyo ni ya matajiri wenye motokaa. La. Nauli ya basi na viatu vizuri vya mtumba vyatosha. Ziada ni chupa ya chai, koti la mvua, na ramani. Ramani za serikali ya kule zina alama ya kila njia ya miguu ipitayo katika shamba la mtu, imechorwa kwa vistari vya kijani, na anayeifuata hawezi kuulizwa na mwenye shamba anatafuta nini.

YALIYOMO NJIANI

Nitamchukua msomaji katika njia mbili tu, kwani zote hazitaenea katika ukurasa huu.

Ya kwanza yaanzia Edale, na yapanda mpaka pahali paitwapo Hollins Cross, juu ya mgongo wa kilima. Zamani, kabla Edale haijapata kanisa lake katika karne ya 17, wanakijiji walipofiwa walilibeba jeneza mabegani wakapanda nalo kilima hicho, wakashuka upande wa pili kwenda kuzika. Mtu akijua habari hiyo hapandi tena kama apandavyo mtalii. Nasi twajua uzito wa jeneza begani, na twajua namna watu wanavyopokezana hatua kwa hatua. Siku ya kwanza niliyoipanda njia ile kwa habari hiyo kichwani, niliwaona wale marehemu wasio wa dini yangu wala wa nchi yangu kuwa ni jirani.

Kutoka hapo ukifuata mgongo wa kilima kwa upande wa magharibi wafika Mam Tor, mita 517 juu ya bahari. Wenyeji huuita mlima utetemekao, kwa sababu ubavu wake mmoja humomonyoka daima. Wahandisi waliipitisha barabara kuu chini yake, mlima ukaivunja. Wakaitengeneza, ukaivunja tena. Hata mwaka 1979 wakasalimu amri wakaifunga moja kwa moja. Mpaka leo waweza kutembea juu ya lami ile iliyokatika vipande kama mkate uliokauka. Ni somo zuri kwa wale wetu wajengao hoteli juu ya mchanga wa bahari wakadhani bahari itawaomba radhi.

Njia ya pili ni ya Stanage, jabali refu lililosimama kama ukuta juu ya Hathersage. Chini ya jabali hilo, katika majani, yamelala mawe ya kusagia, makubwa, ya duara, yamechongwa yakakamilika, na hayakuondolewa hata siku moja. Nilidhani labda wachongaji walikimbia vita. Sivyo. Jiwe la kule husaga unga ukatoka wa kijivujivu, na katika karne ya 18 na ya 19 watu walikuwa wameanza kutamani mkate mweupe, basi wasagaji wakayataka mawe ya Ufaransa yasiyotia unga rangi. Biashara ikaanguka, na wachongaji wakayaacha mawe yao pale pale. Leo jiwe hilo ndilo alama ya hifadhi yote. Nilipoyaona niliukumbuka mkate wetu wa mofa wa unga wa mtama, ambao watu wa Lamu wanaujua na vijana wa Mombasa wameanza kuusahau. Tamaa ya weupe wa mkate imeyalaza mengi chini, huko na huku.

Na njia hizo zina mazao yasiyolipiwa. Mwezi wa Aprili na Mei kando ya mito huota majani yanukayo kama kitunguu saumu. Hukatwa machache yakatiwa katika supu au mayai, ila yataka uangalifu, kwani yako majani mengine yanayofanana nayo yenye sumu. Julai na Agosti juu ya uwanda huiva tunda dogo jeusi liitwalo bilberry, mfano wa zambarau iliyosinyaa ikawa kama punje ya pilipili manga. Likiliwa hutia meno na midomo rangi ya samawati, na huko Yorkshire andazi lake huitwa kwa jina la utani andazi la vinywa vichafu. Nani kati yetu hakurudi nyumbani na ulimi wa zambarau akaambiwa atoe ulimi uonekane? Agosti hiyo hiyo mmea mfupi uitwao heather huchanua, na mlima mzima ukawa kama umetandikwa busati la rangi ya urujuani.

Septemba yaiva matunda ya miibani, yaitwayo blackberry, ambayo kwa sura ni ndugu ya forosadi zetu. Wenyeji wana imani ya kale kwamba yasichumwe baada ya siku ya Malaika Mikaili, tarehe 29 Septemba, kwani Shetani huyatemea mate. Hekima yake ni wazi: baada ya siku hizo baridi na mvua huyaozesha. Wazee wa kila nchi wamejua kuwa mtoto hasikii akiambiwa tunda limeoza, lakini akiambiwa habari za Shetani hutia mkono mfukoni.

Na liko jambo moja la watu ambalo hamtalisoma katika kitabu cha watalii. Mwingereza wa mjini hupita karibu nawe kila asubuhi asikuamkie, hata miaka. Mtu huyo huyo umkute juu ya kilima, atakuamkia wa kwanza, atakueleza kama mvua yaja, na atakufungulia lango. Mimi nimesali alasiri juu ya Stanage, dira mkononi nikitafuta kusini-mashariki, na waliokuwa wakipita walizipunguza sauti zao. Mlimani watu hurudi kuwa watu.

NJIA HAIKUJA BURE

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, kwa hiyo namwomba msomaji asichoke.

Milima hiyo haikuwa wazi tangu hapo. Nyingi zilikuwa ni ardhi za mabwana wakubwa, zilizofungwa kwa ajili ya kuwindia ndege mfano wa kwale kwa siku chache tu za mwaka, na walinzi wenye fimbo waliwafukuza watu siku zote zilizobaki. Wafanyakazi wa Sheffield na Manchester, waliokuwa wakivuta moshi wa viwanda siku sita za wiki, waliiona milima kwa macho wasiweze kuikanyaga. Mwaka 1900 G. H. B. Ward alianzisha pale Sheffield chama cha watembezi wa tabaka la wafanyakazi. Kisha tarehe 24 Aprili, 1932, watu mia kadhaa, wengi wao vijana, wakiongozwa na kijana wa Manchester mwenye umri wa miaka 20, Benny Rothman, walipanda kwa makusudi juu ya Kinder Scout, kilele cha juu kabisa cha eneo lile, mita 636. Kundi jingine la watu wa Sheffield lilipitia Edale likaonana nao huko juu. Wakapambana na walinzi, na waliposhuka polisi wakawakamata vijana sita. Watano kati yao walifungwa, kwa vifungo vya kati ya miezi miwili na sita, na Rothman akapata minne. Kosa lao lilianzia katika kutembea.

Lakini jela haikuifuta njia. Mwaka 1949 ilitungwa sheria ya hifadhi za taifa na ya kuziandika njia za miguu katika ramani rasmi. Mwaka 1965, tarehe ile ile ya 24 Aprili, ilifunguliwa njia ndefu iitwayo Pennine Way, yenye maili 268 kutoka Edale mpaka mpakani mwa Scotland. Mwaka 2000 ikaja sheria iliyompa kila mtu haki ya kutembea katika milima na nyanda zilizochorwa, ingawa hata hiyo haikufunika ila kama asilimia 8 ya nchi ya England. Na mwaka 2002, katika kuadhimisha miaka 70 tangu siku ile ya Kinder, Mtawala wa Devonshire, ambaye ardhi ilikuwa ya ukoo wake, alisimama mbele ya watu akaomba radhi kwa yale yaliyotendwa.

Leo England na Wales zina njia za umma zipatazo maili 140,000. Na sheria yao ina kanuni moja ambayo ningependa msomaji aishike vizuri: njia ikitumiwa na watu miaka 20 waziwazi, pasi na kuzuiwa wala kuomba ruhusa, huhesabiwa kuwa ni ya umma. Kwa maneno mengine, miguu huandika hati. Na njia isiyopitwa na mtu humea majani, ikasahauliwa, ikapotea.

VIPOCHOPOCHO NA MAJINA YAO

Chakula nacho ni vivyo hivyo. Kisichoulizwa hufa.

Katika masoko ya Derbyshire huuzwa mkate laini wa unga wa oti, wa duara, uliomiminwa juu ya chuma cha moto. Yeyote aliyekula chapati za maji kwa nyanya yake hahitaji kuelezwa. Wenyeji huula kwa nyama ya nguruwe. Mimi niliula kwa mayai na jibini, na mwuzaji hakuona ajabu. Ni chakula cha watu maskini wa milimani ambako ngano haikustawi, oti ikastawi. Watu wa Staffordshire, wilaya ya jirani, wana wa kwao mwembamba zaidi, na pande hizo mbili hubishana kama watu wa Mombasa na Lamu wabishanavyo juu ya biriani.

Katika mji mdogo wa Bakewell kuna pudini iliyobeba jina la mji: chini ni andazi la matabaka, juu yake jemu, na juu yake mayai yaliyopigwa na lozi. Inasimuliwa kwamba mpishi wa nyumba moja ya wageni katika karne ya 19 aliikosea kuichanganya, na kosa likawa tamu. Maduka yanashindana kudai kuwa na mapishi ya asili, na wenyeji hukasirika ukiichanganya na keki nyingine yenye jina hilo hilo iuzwayo nchi nzima. Nawasifu kwa hasira hiyo. Mji wenye watu wachache namna ile umelilinda jina la andazi lake, na watu hutoka mbali kulifuata.

Tarehe 5 Novemba, usiku wa mioto na fataki, watu wa Yorkshire hula keki nzito iitwayo parkin, ya unga wa oti, tangawizi, na asali nyeusi ya miwa. Haifai kuliwa siku ilipookwa. Huwekwa siku kadhaa ikalainika. Baridi ya Novemba hailainishwi ila kwa tangawizi, na tangawizi, kama miwa, haikumea Yorkshire. Vilivuka bahari.

Na jambo lililonichekesha kuliko yote ni chupa moja yenye karatasi ya rangi ya chungwa, Henderson's Relish, mchuzi mweusi ambao watu wa Sheffield wanautia juu ya kila kitu tangu mwaka 1885 na kuapa kwamba hakuna mji mwingine uwezao kuuelewa. Nikasoma yaliyomo: siki, sukari, pilipili, na kati yake ukwaju na karafuu. Ukwaju na karafuu! Fahari ya mji wa chuma yanukia kama jiko la shangazi. Basi ni nani mgeni hapo, mimi au ule mchuzi?

Mwislamu ana haki ya kuuliza, na aulize bila haya. Maandazi mengi ya kale ya kule hutiwa mafuta ya nguruwe. Uliza kwa upole: siagi au mafuta ya nguruwe? Sikupata kuona mwokaji aliyekasirika. Wengi hufurahi kwamba mtu ameuliza, na kutoka hapo huanza kueleza mama zao walivyopika, na mazungumzo hayo peke yake ni sadaka. Jibu likiwa baya, waaga kwa salama. Umekosa andazi, umepata mtu.

WATAKAOPINGA

Najua wako watakaosema, mwacha asili ni mtumwa. Yatuhusu nini andazi la Bakewell? Nawajibu kwamba mihogo na mahindi asili yao ni bara la Amerika, na biriani na chapati tuna deni nazo kwa watu wa Bara Hindi. Babu zetu wangalikataa kuonja vya wageni, leo tungalifungua saumu kwa nini? Kuonja cha mtu si kuacha chako.

Wako pia watakaosema kwamba milima ile haitutaki. Hilo siwezi kulikana, kwa kuwa lina ukweli. Sura zetu ni chache huko, na mtu mweusi mwenye begi mgongoni huulizwa kama amepotea mara nyingi kuliko mwenziwe mweupe. Siku ya Krismasi mwaka 2021 kundi la Waislamu zaidi ya mia moja lilipanda Mam Tor, wanaume kwa wanawake, na picha zao zilipoonekana katika mitandao walitupiwa maneno ya chuki kana kwamba wameuiba mlima. Lakini hawakuacha kupanda. Walifanya walivyofanya wale vijana wa 1932: waliendelea kutembea. Kama ile kanuni ya njia ina maana, maana yake ni hiyo. Ukaaji ndani hautampa mtu haki. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na ambaye hakupewa jembe, basi angalau aingie shambani alione.

NA KWETU JE?

Sasa nageuza shingo nyumbani. Mtu aliyezoea kuona kijia kidogo cha kondoo kimechorwa katika ramani na kulindwa na sheria, akirudi pwani yetu huumia moyo. Vijia tulivyopita utotoni kwenda baharini kuvua, kuogelea na kuokota kome, vingi vimezibwa kwa kuta za hoteli na majumba ya watu binafsi. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 62, yasema kwamba ardhi iliyo kati ya maji makuu na maji madogo ni ya umma. Naam, ufuo ni wetu. Lakini ufuo usio na njia ya kuufikia ni kama kisima kisicho na kamba. Mvuvi wa Kilifi au Kwale azungukaye ukuta kilomita nzima na dema lake begani hafaidiki na kifungu cha 62.

Tuna misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, ambayo ina njia zake na adabu zake, na wazee wa kuulizwa kabla ya kuingia. Tuna Arabuko-Sokoke na bundi wake mdogo. Watoto wangapi wa Mombasa wamepata kuitembelea kwa miguu, na mwalimu akiwatajia majina ya miti kwa Kiswahili na Kigiriama? Majina ya miti nayo ni njia. Yasipopitwa humea majani.

Na vipochopocho vyetu? Mkate wa mofa, mkate wa sinia, kaimati, halua ya Lamu, mabuyu, achari ya maembe. Vinauzwa bila jina la mji wala la mpishi, na katika hoteli kubwa za pwani mgeni huletewa mkate wa boksi asubuhi, ilhali mahamri na mbaazi yanaliwa na wapishi nyuma ya jiko. Mji mdogo wa Derbyshire umejipatia riziki kwa andazi moja. Sisi tuna sinia nzima na twaifunika.

Basi nina mambo matatu ya kuwaomba wanaohusika. Serikali za kaunti za pwani ziziandike njia zote za kale ziendazo baharini, misituni na visimani, kwa kuwauliza wazee wangali hai, kisha zichapishe ramani ambayo kila mtu aweza kuiona na kuitumia mahakamani. Shule ziwatoe watoto kwa miguu, si kwa basi tu, angalau mara moja kila muhula. Na wenye mahoteli na mikahawa waweke vyakula vya pwani mezani kwa majina yake, wakitaja mji vilikotoka.

Nanyi ndugu zangu mlio mbali, jumamosi ijayo msingoje kualikwa. Nunueni ramani, ulizeni jina la mto, onjeni kile wanachojivunia jirani zenu, na mtupigie simu mtueleze. Kisha mkija likizo, kabla ya kwenda kununua ploti yenye ukuta mrefu, tembeeni kwanza kijia mlichokipita utotoni mpaka baharini. Mkikikuta kimezibwa, ulizeni kwa sauti ni nani aliyekiziba, na kwa hati gani.